Mchoro wa Umeme Usibaki Picha

Jengo kubwa la siku hizi, liwe hospitali, chuo au ofisi, huinuka kwanza ndani ya kompyuta kabla ya kibarua kuchimba msingi. Humo mchoraji hachori tena mistari miwili na kuiita ukuta, kama alivyofanya kwa kalamu na rula. Huweka ukuta wenyewe, wenye unene, kimo na aina ya tofali. Na ukuta huo ukisogezwa, milango na madirisha yake husogea nao, na kila karatasi inayouonyesha hujirekebisha papo hapo. Kazi hiyo ndiyo iitwayo kujenga modeli ya jengo, na walioizoea hawataki kusikia habari za kurudi kwenye kalamu. Hatuwalaumu.

Lakini katika nyumba hiyo ya kompyuta yuko mpangaji mmoja aliyeingia mwisho akapewa chumba cha uani, naye ni mhandisi wa umeme. Msanifu wa majengo amepata ukuta unaojijua kuwa ni ukuta. Mhandisi wa nguzo na mihimili amepata nguzo inayojua mzigo inaoubeba. Mhandisi wa mabomba amepata bomba lenye kipenyo na mteremko, linalojua maji yatokako na yaendako. Yule wa umeme amepewa taa nzuri za kutazama, soketi nzuri za kutazama, na mstari wa kuziunganisha. Sisi twasema wazi kwamba hayo hayatoshi, na kwamba watengenezaji wa programu hizi wanapaswa kulitazama jambo hili kwa uzito linaostahili.

Tuichukue programu ya Revit, si kwa kuionea, bali kwa kuwa imeenea mno katika ofisi za wasanifu wa Marekani, Uingereza na kwingineko. Chanzo chake ni kampuni ndogo iliyoundwa mwaka 1997 katika jimbo la Massachusetts, Marekani, na Leonid Raiz na Irwin Jungreis. Toleo la kwanza lilitoka mwaka 2000, na mwaka 2002 kampuni kubwa ya Autodesk, yenye programu ya AutoCAD, ikainunua kampuni ile kwa dola milioni 133. Hadi hapo kilikuwa chombo cha msanifu. Toleo la wahandisi wa nguzo lilikuja mwaka 2005, na lile la mabomba, hewa na umeme likafuata mwaka 2006. Kisha matoleo hayo matatu yakaunganishwa kuwa programu moja katika toleo la 2013. Ndiyo kusema umeme uliingizwa katika chombo kilichokwisha kubuniwa kwa ajili ya kuta. Nao ukuta hukaa mahali pake. Umeme ni safari: una mwanzo, una njia, una mwisho, na tena hapana budi uwe na njia ya kurudi.

Safari hiyo ndiyo ambayo chombo kilishindwa kuishika. Kwa miaka mingi waya ndani ya programu hii umekuwa mstari uliochorwa juu ya ramani ya sakafu, usio na mwili ndani ya jengo. Trei za kubebea nyaya zimo, tena zenye vipimo na pembe zake zote, lakini ni trei tupu: modeli inajua kwamba trei inapita juu ya korido, wala haijui ni nyaya gani zimelala ndani yake, wala ni ngapi, wala kama zimekwisha kujaa. Na pale programu inapotakiwa kutoa urefu wa waya, ilizoea kukadiria kwa kujumlisha umbali wa kwenda mbele, wa kwenda kando na wa kwenda juu, kutoka sanduku la kugawia umeme hadi soketi, kana kwamba waya hupenya ukutani kama mzuka. Baadaye, katika toleo la 2018, mhandisi aliwezeshwa kuirekebisha njia ya saketi kwa mkono wake. Hiyo ilikuwa hatua, nasi twaitambua. Lakini njia iliyorekebishwa kwa mkono haitokani na trei iliyochorwa, na trei ikihamishwa kesho, hakuna wa kuiambia saketi.

Msomaji asiyekuwa fundi aweza kuuliza: mita kumi au kumi na tano za waya zina uzito gani hata ziandikiwe tahariri? Mwalimu wa fizikia atakuwa amekwisha kutabasamu. Tufanye hesabu pamoja naye. Waya wa shaba wa milimita mraba 2.5, kwa majedwali ya kanuni za Uingereza, hupoteza milivolti 18 kwa kila ampea katika kila mita. Saketi ikibeba ampea 20 kwa umbali wa mita 30, volti zitakazopotea njiani ni 10.8. Katika umeme wa volti 230 hiyo ni kama asilimia 4.7, na mwongozo wa kanuni hizo kwa vyombo visivyokuwa taa ni asilimia 5. Mhandisi anaridhika, anatia saini. Sasa tuseme waya, ulipofika wakati wa kulazwa, ulizunguka tundu la lifti, ukapanda darini, ukafuata trei ya korido, ukashuka tena, na urefu wake wa kweli ukawa mita 45. Volti zinazopotea sasa ni 16.2, yaani asilimia 7. Waya uliotakiwa pale ni wa milimita mraba 4, ambao kwa mita hizo 45 ungepoteza volti 9.9 tu. Hakuna aliyezembea. Kila mtu alifanya kazi yake. Ni chombo kilichokisia pale kilipotakiwa kupima.

Na hasara si pampu inayoguna wakati wa kuanza, wala mota inayochemka bure. Iko hasara iliyo mbaya zaidi. Waya unapozidi urefu, ukinzani wake huongezeka; na siku waya wenye moto utakapogusa bati la mashine, umeme unaorudi kupitia waya wa ardhi huwa dhaifu kuliko ilivyotazamiwa. Swichi ya ulinzi, ambayo kwa saketi za soketi yatakiwa ijikate katika muda usiozidi sekunde 0.4, yaweza kuchelewa. Muda huo wote bati lile lina moto, na huenda yuko mtu aliyelishika: mpishi, muuguzi, mwanafunzi wa karakana. Kwa hiyo tunaposema urefu wa waya, tunasema uhai wa watu, wala hatukuzi mambo.

Liko jambo la pili, nalo latugusa sisi wa Afrika Mashariki kwa karibu. Chombo husafiri na desturi za nyumbani kwake. Programu iliyokulia Marekani imekulia katika umeme wa volti 120 na 208, 277 na 480, wenye mizunguko 60 kwa sekunde. Imefundishwa majedwali ya Kanuni za Taifa za Umeme za nchi ile, zilizotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1897. Na huhesabu nyaya kwa namba za Kimarekani, ambazo kadiri namba inavyokuwa kubwa ndivyo waya unavyokuwa mwembamba. (Mwalimu wa darasa la kwanza akifundisha hesabu namna hiyo ataitwa ofisini.) Orodha za masanduku ya umeme nazo huja zimepangwa Kimarekani, saketi za witiri upande wa kushoto na za shufwa upande wa kulia, ilhali katika desturi ya Uingereza kila njia hutajwa pamoja na fezi yake.

Tanzania, Kenya na Uganda zilirithi umeme wa namna ya Kiingereza: volti 230 au 240, mizunguko 50, na soketi ya miguu mitatu ya mraba iliyowekewa kiwango mwaka 1947. Mambo mengine yanabadilika kwa kuandika tarakimu tu. Mtumiaji anaweza kuiambia Revit kuwa hapa volti ni 230, nayo ikakubali. Anaweza pia kukaa siku kadhaa akiingiza saizi za nyaya zetu moja baada ya nyingine. Lakini yapo mambo ambayo tarakimu hazitoshi kuyabadilisha. Wakati wa Vita Kuu ya Pili na mara baada yake, Uingereza ikiwa na uhaba wa shaba, wahandisi wake walibuni saketi ya soketi inayotoka katika sanduku, ikazipitia soketi zote, kisha ikarudi katika sanduku lile lile. Kwa kuwa kila soketi hupata umeme kutoka pande mbili, waya wa milimita mraba 2.5 huweza kulindwa na swichi ya ampea 32. Fundi yeyote aliyefunzwa kwa desturi hiyo aijua saketi ya duara kama ajuavyo mlango wa nyumba yake. Chombo kilichofundishwa kwamba saketi ni njia ya kwenda tu huona waya mwembamba chini ya swichi kubwa, na kukiita kitu halali kosa. Mhandisi hana la kufanya ila kukidanganya chombo ili kinyamaze. Na chombo kilichozoeshwa kudanganywa, siku kitakaposema kweli ni nani atakayekisikiliza?

Wapo watakaotujibu kwamba haya yote ni kelele zisizo na maana, kwa kuwa mhandisi anazo programu nyingine za hesabu. Ni kweli anazo. Iko ETAP, iliyoanza Kalifornia mwaka 1986, kwa ajili ya mitandao ya umeme na hesabu za hitilafu. Iko DIALux ya Kijerumani kwa ajili ya mwanga wa taa. Na liko lile jedwali la kompyuta ambalo kila ofisi huwa na la kwake, lililotengenezwa na kijana aliyekwisha kuhama zamani, na ambalo hakuna anayethubutu kuligusa. Ugomvi wetu hauko hapo. Uko katika daraja la katikati, ambalo mara nyingi ni macho na vidole vya mtu: anasoma ampea katika dirisha moja, anaziandika katika dirisha la pili, anapata saizi ya waya, anarudi kuiandika katika la kwanza. Msanifu akihamisha jiko upande wa pili wa jengo Jumanne jioni, modeli hujua mara moja. Jedwali hujua siku mtu atakapokumbuka kuliambia.

Ulimwengu umekwisha kulipa gharama ya madaraja ya namna hiyo, hata nje ya majengo. Ndege kubwa ya Airbus A380 ilikuwa na nyaya za urefu wa kilomita 500 na zaidi. Wahandisi wa Hamburg, Ujerumani, walichora nyaya zao kwa toleo la zamani la programu ya CATIA, na wenzao wa Toulouse, Ufaransa, walitumia toleo jipya. Matoleo hayo mawili hayakuelewana vyema. Vipande vya ndege vilipoletwa Toulouse kuunganishwa, zilikutwa nyaya fupi zisizofika zilikotakiwa kufika. Mwaka 2006 wakuu wakajiuzulu, na Oktoba mwaka huo kampuni mama ikatangaza kuwa faida itapungua kwa Euro bilioni 4.8 hadi kufikia 2010. Ndege ya kwanza ilikabidhiwa kwa mnunuzi Oktoba 2007. Waliokosea walikuwa miongoni mwa wahandisi hodari duniani, wakiwa na fedha na mitambo ya kila aina.

Tukirudi kwenye majengo, uwanja mpya wa ndege wa Berlin ulianza kujengwa mwaka 2006. Ulitakiwa kufunguliwa tarehe 3 Juni, 2012, na wageni walikuwa wamekwisha kualikwa, pale ilipotangazwa, zikiwa zimebaki wiki zisizotimia nne, kwamba hautafunguliwa. Mtambo wa kuondoa moshi wakati wa moto ulikuwa haufanyi kazi inavyotakiwa. Wakaguzi walipofunua dari na sakafu walikuta trei zilizojazwa nyaya kupita kiasi, na nyaya za aina mbalimbali zimelazwa pamoja zisipostahili kulazwa pamoja. Uwanja ulifunguliwa tarehe 31 Oktoba, 2020. Miaka minane, na mabilioni ya Euro ya walipa kodi.

Hatusemi kwamba programu fulani ndiyo iliyoleta balaa la Berlin. Mipango ilibadilishwa mara kwa mara wakati ujenzi ukiendelea, usimamizi ulikuwa na kasoro nyingi, na mengi yamekwisha kuandikwa juu ya hayo. Tunachosema ni hiki: trei iliyojaa kupita kiasi ni kosa ambalo kompyuta ingepaswa kuwa ya kwanza kuliona. Kuhesabu nyaya zilizomo katika trei ni kazi isiyochosha mashine. Humchosha binadamu, tena humchosha zaidi binadamu ambaye mipango yake imebadilishwa mara kumi. Ikiwa modeli ya jengo haiwezi kusema "trei hii imejaa", basi pale penye nyaya modeli hiyo bado ni picha, hata iwe na rangi nzuri namna gani.

Kwa nini basi jambo hili limekawia? Sababu moja ni biashara. Tangu mwaka 2016 Autodesk iliacha kuuza leseni mpya za kudumu za programu zake nyingi, na watumiaji wakawa wanalipa kodi ya kila mwaka, kama mpangaji. Julai 2020 ofisi 25 za usanifu, nyingi zikiwa za Uingereza, na miongoni mwao ofisi iliyoanzishwa na marehemu Zaha Hadid, zilimwandikia barua ya wazi mkuu wa kampuni hiyo, Andrew Anagnost, zikilalamika kuwa gharama zinapanda ilhali Revit haiendelezwi kwa kasi inayolingana na gharama hizo. Katika majibu yake kampuni ilikiri kuwa upande wa usanifu haukusonga mbele kama ilivyotarajiwa, na ikaeleza kwamba nguvu nyingi zilielekezwa kwa wahandisi na wajenzi. Mhandisi wa umeme akisoma majibu hayo ana haki ya kuuliza ni wahandisi gani hao waliopelekewa nguvu hizo, maana yeye alikuwa bado anapima waya kwa macho.

Hata hivyo lawama tupu hazijengi chombo. Mnunuzi naye ana nguvu, na mnunuzi mkubwa kuliko wote katika ujenzi ni serikali. Mwaka 2011 serikali ya Uingereza ilitangaza, na kuanzia Aprili 2016 ikatekeleza, kwamba kazi za ujenzi za wizara zake zije na modeli za kompyuta. Taratibu za Kiingereza zilizotokana na amri hiyo ndizo zilizozaa kiwango cha kimataifa cha ISO 19650, sehemu zake za kwanza zikitolewa mwaka 2018. Watengenezaji wa programu hawakubembelezwa. Walifuata zilikokuwa fedha. Basi amri kama hiyo iseme pia habari za waya. Iseme kwamba modeli ya umeme haitapokelewa mpaka kila saketi ionyeshe njia yake ya kweli kupitia trei na mabomba ya nyaya, urefu wake, volti inazopoteza, na muda wa swichi yake kujikata. Iseme kwamba mchoro wa jumla wa umeme, ule unaoonyesha mashine zote kuanzia transfoma hadi sanduku la mwisho, utolewe na modeli yenyewe badala ya kuchorwa upya pembeni na mtu mwingine. Na iseme kwamba kanuni zinazotumika ziwe majedwali yanayofunguka, ambayo mhandisi wa Nairobi au Dodoma aweza kuyasoma, kuyasahihisha na kuyaandika kwa kanuni za kwao, saketi ya duara ikiwemo.

Mintarafu ya kufunguka, ulimwengu umekwisha kuanza. Upo muundo wa mafaili uitwao IFC, usiomilikiwa na muuzaji yeyote wa programu, uliokubaliwa kuwa kiwango cha kimataifa mwaka 2013, nao una nafasi za nyaya, trei, masanduku na saketi. Nafasi zipo; mara nyingi programu ndizo zinazoziacha tupu. Upo pia mfano wa FreeCAD, programu isiyouzwa, ambayo toleo lake la 1.0 lilitoka Novemba 2024 likiwa na sehemu ya kujengea modeli za majengo. Kwa upande wa umeme bado ni changa, tusijidanganye. Ila mwalimu wa chuo cha ufundi anaweza kuifungua mbele ya wanafunzi wake bila kulipa kodi kwa yeyote, wakaona jinsi hesabu inavyofanywa ndani yake, na mwanafunzi hodari akaongeza jedwali lililokosekana. Hilo haliwezekani katika chombo kilichofungwa kufuli na mwenyewe.

Neno la mwisho ni kwa ofisa anayeletewa michoro mezani ili aipokee kwa niaba ya umma. Yeye si lazima awe mhandisi. Mchora modeli atakapokuja na kompyuta yake, akaizungusha hospitali hewani, akafungua paa na kuonyesha vitanda, ofisa na amsikilize kwa adabu, kisha aweke kidole juu ya soketi iliyo mbali kuliko zote katika ghorofa ya juu, aulize waya wake unapita wapi na una mita ngapi. Akionyeshwa njia, waendelee na mazungumzo. Akiona mwenzake anafunga modeli na kufungua jedwali pembeni, amwulize jedwali hilo liliandikwa na nani, lini, na msanifu alihamisha ukuta mara ngapi tangu siku hiyo.